Haijatembea sana: kwa nini watu wa Mombasa huuza baiskeli zao, na wewe utazame nini

Swali: Fundi, salaam aleikum. Mimi ni mwalimu, naishi Kisauni na shule ninayofundisha iko Mji wa Kale. Nauli na foleni ya darajani zimenichosha, nataka kununua baiskeli ya mtumba. Nimeona tatu. Ya kwanza iko Nyali, ya milimani, ina gia 21. Mwenyewe anasema aliinunua wakati wa corona, haijatembea sana, imekaa tu baraza ya nyuma. Ya pili ni ya Japani, ya kike, ina kikapu mbele. Ni ya baba mmoja wa Majengo ambaye huiendea kazini kila siku, sasa anataka kununua pikipiki. Rangi ya baiskeli imechubuka sana. Ya tatu ni ya mashindano, nyepesi, bei yake ni nusu ya wenzake, na kijana anayeiuza anasema tu kwamba ana haraka. Mume wangu ananiambia mtu hauzi kitu kizuri. Kwani ni kweli? Watu wa mjini huuza baiskeli zao kwa nini? Na mimi nichukue ipi, nikizingatia kwamba huvaa buibui?

Jibu: Waaleikum salaam, dada. Mumeo ana haki ya kuwa na wasiwasi, lakini kwa baiskeli neno lake halishiki. Watu huuza baiskeli nzuri kila wiki hapa mjini, na sababu zao mara nyingi hazihusu chuma chenyewe. Kilichobadilika ni maisha ya mwenyewe: kazi, nyumba, mfuko, afya, au moyo umechoka. Tungekuwa tunaishi Nakuru, ningekwambia baiskeli ya mtu aliyebadilisha maisha ichukue bila shaka, kwa kuwa itakuwa vile vile alivyoiacha. Hapa Mombasa haibaki vile vile. Kati ya siku mtu anapoacha kupanda na siku anapoamua kuuza hupita miezi, pengine miaka, na muda wote huo hewa ya bahari inafanya kazi yake. Kwa hiyo muulize kwa nini anauza, ni swali zuri, lakini usiondoke bila kuuliza la pili: mara ya mwisho uliipanda lini, na tangu hapo imekaa wapi?

Wauzaji wa hapa nimewajua kwa kuwahudumia, maana wengi hupita karakana kuisafisha baiskeli kabla ya kuitangaza, na fundi huambiwa mambo ambayo mnunuzi haambiwi.

Kwa wafanyakazi wa ofisi, sababu kubwa ni jasho. Mtu hununua baiskeli Julai au Agosti, wakati wa kusi, asubuhi kuna upepo na ubaridi kidogo, akaona raha. Ikiingia Januari na Februari, kaskazi imekolea, saa mbili asubuhi jua limeshakuwa kali na hewa nzito. Anafika Moi Avenue shati limemganda mgongoni. Ofisi nyingi za mjini hazina bafu wala chumba cha kubadilishia nguo. Huvumilia wiki mbili tatu, kisha hurudi kwenye matatu kwa muda, na muda huo hauishi. Huyu hatakutajia jasho, ataona haya. Atakwambia hana wakati. Baiskeli yake ilikuwa nzima siku aliyoiegemeza ukutani.

Wengine wameshindwa na barabara. Wewe unalijua Daraja la Nyali kuliko wengi. Lilifunguliwa 1980 kuchukua nafasi ya lile la kuelea, lina njia tatu za magari kila upande, na tangu hapo Kisauni, Bamburi na Mtwapa zimejaa watu wanaovuka kila asubuhi. Mwenye baiskeli huchagua: abanane na matatu au aisukume kando pamoja na waendao kwa miguu. Wa Changamwe na Miritini wana malori ya bandarini. Wa Likoni wana kivuko, na kusukuma baiskeli ndani ya umati ule, ukishuka mteremko na kuupanda tena upande wa pili, ni kazi kabla ya kazi. Mtu huguswa kiwiko na kioo cha matatu mara moja, akawafikiria watoto wake, akaacha. Simlaumu hata kidogo. Ila wewe kama mnunuzi jua kwamba aliyeacha kwa hofu huenda aliacha kwa kuwa alianguka. Muulize waziwazi, kisha tazama chini ya shingo ya fremu, pale mabomba mawili yanapokutana na lile la usukani. Rangi ikiwa imekunjamana au ina ufa mwembamba wa kuzunguka, shukuru Mungu, aga, uende zako.

Kuna waliochoshwa na ngazi. Nyumba zetu za ghorofa, Tudor, Majengo, Makadara, nyingi hazina lifti wala mahali pa kuegesha. Baiskeli ya chuma kama Black Mamba, au hiyo ya Japani, hukaribia kilo 20. Kuipandisha ghorofa ya tatu kila jioni ni adhabu, na kuiacha chini ya ngazi ni kuigawa. Mtu akihamia nyumba kama hiyo, baiskeli huuzwa mwezi wa kwanza. Hizo huwa nzuri, maana zilikuwa zikitembea mpaka juzi.

Sasa mfuko. Mara zote ninazoziona baiskeli nyingi zikitoka kwa pamoja ni shule zinapofunguliwa, hasa Januari, na siku za kuelekea Idd. Baiskeli ni mali ambayo mtu anaweza kuigeuza pesa kabla ya adhuhuri, bila wakili wala dalali. Baba ana watoto wawili wa sekondari, karo imefika, anatazama ndani ya nyumba ni kipi kitakachouzika leo. Runinga watoto watalia. Friji mama ana biashara ya barafu. Inabaki baiskeli. Huyu mara nyingi huuza kitu kizuri, tena kwa uchungu, na mara nyingi hakuipumzisha hata siku moja. Nakuomba ukikutana na muuzaji wa namna hii usimkamue. Ukiona baiskeli inastahili bei aliyotaja, mpe. Wapo wanunuzi wanaoinusa shida ya mtu na kuteremsha bei mpaka anatoka machozi, na mimi hilo sijawahi kuliona kuwa ujanja.

Wanaohamia pikipiki ni kundi kubwa, na limekuwapo tangu serikali ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani (VAT) pikipiki ndogo 2008. Zile baiskeli za kubeba abiria na mizigo zilianza kupungua hapo. Anayetoka kwenye baiskeli kwenda kwenye pikipiki alikuwa akiitumia baiskeli kweli, ndiyo maana amechoka nayo. Siti imeisha, pedeli zimelegea, lakini kila kifaa kilichoharibika alikibadilisha, kwa sababu bila baiskeli asingekula.

Wanaopanda daraja kwenye mchezo wa baiskeli, wale wa Jumapili alfajiri wanaokwenda mpaka Mtwapa au Kilifi kwa kundi, huuza ya zamani ili waongezee pesa ya mpya. Hao husafisha cheni zao kuliko wanavyosafisha viatu. Ukipata yao yenye kimo chako, chukua. Wanaoondoka mjini ni wa namna nyingi: mwanafunzi wa chuo cha Tudor aliyemaliza, mtu aliyehamishwa kazi, mgeni aliyeishiwa mkataba. Hawa huuza haraka kwa sababu tarehe imewafika, na bei huwa nafuu bila hila yoyote.

Halafu kuna wale wa 2020, na mwenye baiskeli wako wa Nyali yumo humo. Utakumbuka matatu ya watu 14 iliamrishwa kubeba 8, nauli zikapanda, kukawa na kafyu, na watu wakaambiwa wafanye mazoezi peke yao. Baiskeli ziliadimika dunia nzima mwaka ule, na hapa watu walichukua chochote kilichokuwa dukani au kwenye kontena la mitumba kutoka nje, kwa bei ya juu, bila kupima kimo. Hali ilipotulia wakarudi kwenye magari yao. Baiskeli hazikuuzwa mara moja, kwani mtu akikumbuka bei aliyonunulia moyo unamsita. Zilikaa. Nyingine ndiyo kwanza zinatoka sasa.

Hapo kwenye kimo nisimame kidogo, kwa sababu ni sababu ya kuuza ambayo muuzaji mwenyewe haijui. Atasema magoti yanamuuma, mgongo unamuuma, baiskeli si ya umri wake. Ukimpandisha unaona fremu ni ya mtu mrefu kuliko yeye kwa shibiri, au siti iko chini mno anakanyaga kama anayechuchumaa. Ujaribu hivi: kaa sitini, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke karibu wote. Ukilazimika kuinamisha kiuno kuifikia, siti iko juu. Goti likikunjika sana, iko chini. Na usukani uufikie bila kunyoosha mikono mpaka viwiko vikauke. Baiskeli iliyomuumiza mwenzio inaweza kukufaa wewe kabisa, na hapo ndipo mnunuzi hupata bahati.

Basi nije kwenye kutu, maana hapa ndipo pesa za watu wa Pwani zinapopotea.

Hewa yetu ina chumvi. Pangusa kioo cha dirisha linalotazama bahari, Nyali au Kizingo, utaiona kwenye kitambaa. Chumvi hiyo ikitua juu ya chuma hunyonya unyevu uliomo hewani, na hewa ya hapa haikauki mwaka mzima. Chuma hukaa na utando mwembamba wa maji ya chumvi hata wiki ambayo mvua haikunyesha. Ndiyo maana baiskeli iliyowekwa barazani, haijarowa hata tone, hutoka na kutu. Inayopandwa kila siku ina kinga yake: cheni ikizunguka hueneza mafuta, grisi ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu, huendelea kuzipaka gololi, na mwenyewe akisikia mlio mpya huipeleka kwa fundi siku hiyo. Iliyolala haina wa kuisikia. Kwa hiyo neno "haijatembea sana", ambalo Nairobi ni sifa, hapa hunifanya mimi nipige magoti nianze kuchunguza.

Nikueleze inavyoliwa. Cheni hutangulia. Kwanza inakuwa kahawia juu, kisha baadhi ya viungo vinakakamaa, havikunjiki. Zungusha pedeli nyuma polepole uitazame inavyopita kwenye vigurudumu vidogo vya nyuma: kiungo kilichokufa kitaruka kidogo kila kinapofika. Cheni si ghali, hiyo isikutishe peke yake. Zinazofuata ni waya za breki. Waya hupita ndani ya mfuko wa plastiki, unyevu huingia juu na kutulia kwenye kona ya chini, pasipoonekana. Ukibana breki inakamata, ukiachia hairudi upesi. Hilo darajani ni hatari, lakini waya nazo ni rahisi.

Spoki ndizo ghali. Kila spoki hushikwa kwenye rimu na nati ndogo. Kutu ikiingia kwenye uzi wa spoki hapo, nati haigeuki tena, na fundi akijaribu kunyoosha gurudumu spoki inakatika mkononi mwake. Gurudumu lililopinda kidogo, kazi ya dakika chache, linageuka kuwa la kusukwa upya lote. Tazama spoki moja moja pale zinapoingia kwenye rimu. Madoa ya kutu katikati ya spoki yanavumilika. Kutu nene shingoni pa nati haivumiliki.

Watu hudhani fremu ya alumini imesalimika kwa kuwa haishiki kutu nyekundu. Alumini ina maradhi yake: unga mweupe, na rangi inayovimba vipovu kuzunguka skrubu. Chuma na alumini vikigusana na chumvi ikawa kati yao, inayoliwa ni alumini. Baya kuliko yote ni bomba la siti. Bomba hilo huingia ndani ya fremu, na likikaa miaka bila kusogezwa linashikana nayo kabisa. Muuzaji mwenyewe hajui, kwa sababu siti iko kwenye kimo chake. Wewe ni mfupi au mrefu kuliko yeye, unataka kuisogeza, haiendi. Nimeona fremu nzuri zikiharibika kwa nyundo na msumeno wakati wa kulitoa bomba hilo. Kwa hiyo popote uendako, kabla ya kuongea bei, mwombe muuzaji alegeze ile skrubu au klipu, uishushe siti na kuipandisha kwa mkono wako. Ikikataa, mazungumzo yamekwisha, hata kama baiskeli inang'aa namna gani.

Sikiliza na beringi. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, uweke sikio kwenye siti au usukani. Beringi nzima hukaa kimya na gurudumu huzunguka mpaka uchoke kungoja. Iliyoingia maji husaga kama mchele chini ya kinu. Halafu shika gurudumu kwa juu ulisukume kulia na kushoto: likicheza, habu inataka kufunguliwa. Fanya hivyo pia kwa mikono ya krenki, ile inayobeba pedeli.

Tairi zibonyeze ubavuni, usizitazame uso tu. Baiskeli iliyokaa bila upepo husimama juu ya rimu zake, mpira hukunjika mahali pamoja, ukapasuka nyufa ndogo. Meno ya tairi ni mapya kabisa, na tairi limekufa.

Na jihadhari na za ufukweni. Maji yakipwa, mchanga wa Nyali, Bamburi na Shanzu unakuwa mgumu na mtamu wa kuendesha, na wengi huenda. Maji ya bahari yakipita juu ya habu na krenki, na mchanga ukaambatana nayo, kuosha nje hakusaidii kitu kama haikufunguliwa ikatiwa grisi mpya. Geuza baiskeli miguu juu, pitisha kidole chini ya krenki na ndani ya pembe za fremu. Ukipata mchanga mweupe mwembamba, umeshajua ilikokuwa ikipelekwa Jumapili.

Kuna kipimo kimoja cha kitaalamu ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya. Chukua rula ya chuma yenye inchi. Weka sifuri kwenye pini moja ya cheni, uhesabu pini 24 mbele. Cheni mpya itaangukia inchi 12 barabara. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane ya inchi, cheni imekwisha, na kufikia hapo huwa imeshakula meno ya nyuma, maana yake vyote viwili vinabadilishwa kwa pamoja. Hapo una haki ya kupunguza bei, na muuzaji akiiona rula hatabisha.

Jambo jingine linalofanya watu wauze, nalo linatokana na haya makontena yetu, ni saizi za tairi. Mtu hununua baiskeli ya Ulaya au Japani, tairi linapasuka, anazunguka maduka yote halipati, anachoka, anauza. Tatizo ni kwamba namba za inchi hudanganya. Zipo "26" za milimani ambazo rimu yake ni milimita 559, na zipo "26" za Japani, zilizoandikwa 26 x 1 3/8, ambazo ni milimita 590. Hazibadilishani kabisa. Vivyo hivyo "28" ya Black Mamba, ile ya 28 x 1 1/2, ni milimita 635, na "28" ya Ulaya iliyoandikwa 700C ni 622. Hiyo 622 ndiyo sawasawa na "29" ya milimani. Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zenye kistari kati yake, mfano 37-590. Ile ya pili ndiyo ya kweli. Iandike kwenye simu, pita madukani uulize kama lipo na bei yake, ndipo urudi kwa muuzaji.

Sasa wizi, kwa sababu ya tatu yako inanitia mashaka. Baiskeli hazina logibuku kama pikipiki. Kinachoitambulisha ni namba iliyogongwa kwenye fremu, mara nyingi chini ya krenki, nyakati nyingine nyuma ya bomba la siti. Namba iliyosuguliwa kwa tupa haina maelezo mazuri. Na sheria haimwangalii mwizi peke yake: kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinampa anayepokea mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kujua kuwa ni ya wizi, kifungo cha hadi miaka 14. Bei ya nusu bila maelezo ni sababu tosha ya mtu kuulizwa alidhani nini. Kijana mwenye haraka ya kweli hushindwa kunyamaza kuhusu baiskeli yake. Atakwambia alinunua kwa nani, atakuonyesha picha akiwa juu yake, atajua tairi lipi alibadilisha na lini. Asiyejua hata gia ya nyuma inavyoshuka haikuwa yake.

Ukinunua yoyote, andikeni karatasi hata ya daftari: majina, namba ya kitambulisho, namba ya fremu, bei, tarehe, sahihi. Lipa kwa M-Pesa kwa namba yake mwenyewe, jina litokee na lifanane na la kitambulisho. Akikwambia utume kwa rafiki yake, simama hapo hapo.

Ya mashindano basi iache. Hata ingekuwa halali, haikufai. Tairi zake ni nyembamba na ngumu, na vichochoro vya Mji wa Kale vina mashimo, mawe na mifereji. Fremu ina bomba la juu la kuvukwa kwa mguu, na cheni iko wazi. Kwa buibui hiyo ni ajali inayosubiri.

Ya Nyali haina ubaya wa asili. Ila gia 21 za nini? Kisiwa chetu hakina mlima, na kutoka kwako mpaka shuleni mwinuko pekee wa maana ni ule wa kuingia darajani. Gia nyingi ni waya nyingi, vigurudumu vingi, na vyote vimekaa barazani kwa miaka. Cheni yake pia iko wazi. Kama siti inasogea, spoki ni safi, na mwenyewe yuko tayari kuteremsha bei kiasi cha cheni, meno ya nyuma, tairi mbili na waya zote, basi inaweza kuwa ya kijana wako. Yeye atataka bei ya "kama mpya". Mwambie kwa upole kwamba ilikuwa mpya 2020.

Mimi ningekwenda Majengo. Rangi iliyochubuka kwa kusuguliwa na kamba na kuta ni alama ya matumizi, na chuma kilichoguswa kila siku hupanguswa kila siku. Zile baiskeli za Japani zilitengenezwa kwa kina mama wanaokwenda sokoni na kupeleka watoto shule: bomba la fremu limeshuka chini unapanda bila kuinua mguu, cheni imefunikwa, kuna madigadi, kikapu, taa ya dinamo, na kufuli la duara kwenye gurudumu la nyuma. Nyingine zina gia tatu zilizofichwa ndani ya habu, mbali na mchanga na chumvi. Kifuniko cha cheni kikaguliwe kiko kamili, hakijakatwa kipande, na tazama kama gurudumu la nyuma lina kinga ya nguo ubavuni. Kama haina, fundi anaweza kukufungia wavu au plastiki ngumu, ni kazi ya muda mfupi. Buibui likunjwe na kubanwa juu ya goti kwa pini kubwa au mpira, na ncha za mtandio zisining'inie nyuma.

Muulize huyo baba fundi wake ni nani, kisha uende kwa fundi huyo. Atakwambia habu ilifunguliwa lini na ni kipi kinachomsumbua kila mara. Hakikisha funguo za lile kufuli zipo, maana baiskeli nyingi za Japani huja bila funguo na kufuli likabaki pambo. Soma namba ya tairi, nadhani utakuta ile 590, na uulize dukani kabla ya kulipa.

Nenda Jumapili asubuhi, barabara zikiwa tupu. Mwombe akuruhusu uiendeshe mpaka Buxton na kurudi kwa Barabara ya Abdel Nasser, naye ashike kitambulisho chako. Usibane breki ya nyuma mara nyingi. Ukifika, shika katikati ya gurudumu la nyuma kwa mkono. Likiwa la moto, breki inasugua ndani bila kuachia, jambo la kawaida kwa aina hii, nalo hurekebishika. Mpunguzie bei ya matengenezo hayo peke yake, lipa, na siku hiyo hiyo uipitishe kwa fundi abadilishe waya zote mbili za breki na mipira yake kabla hujaivusha darajani. Baada ya hapo ni mafuta ya cheni kila Ijumaa, na kitambaa kikavu kila jioni.